Hadithi za Hewani: Ni Nani Akumbukaye, na Akumbuka Nini?

Yako malalamiko ambayo kila mwalimu amekwisha kuyasikia, na pengine ameyatamka mwenyewe: ya kuwa mtoto wa siku hizi husikia hadithi nyingi katika redio, na kuona nyingi zaidi katika televisheni, lakini akiambiwa asimulie moja hawezi, na wazee wake, waliosikia chache tu, wazikumbuka zote toka mwanzo hata mwisho. Katika malalamiko haya mna maneno mawili yaliyofungwa pamoja kana kwamba ni neno moja. La kwanza ni kwamba mtoto hakumbuki. La pili ni kwamba mtu mzima akumbuka. Nia yangu ni kuufungua mzigo huu na kupima kila neno peke yake, kwa maana nadhani la kwanza lina kosa la kipimo, na la pili lina kosa kubwa kuliko hilo.

Wala jambo hili si la mchezo. Mwalimu ndiye aandikaye katika kitabu cha shule ya kuwa mtoto fulani ni mzito wa kukumbuka, na neno lile humfuata mtoto kutoka darasa hata darasa. Tena wakusanyaji wa hadithi na desturi, na wengi wa wasomaji wa kurasa hizi ni katika hao, huyaandika maneno ya watu wazima na kuyaweka kuwa ushuhuda wa mambo yalivyokuwa. Ikiwa mtoto amedhaniwa kusahau asichosahau, na mtu mzima amedhaniwa kukumbuka asichokumbuka, tumepotea njia pande zote mbili.

Na tuanze na watoto. W. Andrew Collins, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota katika Marekani, pamoja na wenzake, waliwaonyesha watoto wa darasa la 2, la 5 na la 8 mchezo wa televisheni uliotungwa kwa ajili ya watu wazima. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 1978. Watoto wa darasa la 2 walikumbuka kama theluthi mbili tu za mambo yaliyohesabiwa kuwa ndiyo kiini cha kisa. Wale wa darasa la 8 walikumbuka zaidi ya tisa katika kila kumi. Mtu aisomaye hesabu hii mbio mbio atasema, Hayo ndiyo tuliyoyasema sikuzote. Lakini yampasa aulize kwanza: kiini hicho kilichaguliwa na nani? Kilichaguliwa na watu wazima. Watu wazima waliutazama mchezo, wakataja mambo ambayo bila hayo kisa hakifahamiki, kisha mtoto akapimwa kwa orodha yao. Kwa hiyo hesabu ile haituambii mtoto amebaki na kiasi gani cha hadithi. Yatuambia hadithi ya mtoto na hadithi ya mtu mzima zinakutana kwa kiasi gani. Hayo ni maswali mawili mbalimbali. Collins alitaka kujua la pili, naye alilijibu vizuri. Kosa ni letu sisi tuchukuao jibu la swali moja na kulibandika juu ya jingine.

Katika kazi ile ile mna jambo lenye faida kuliko hesabu. Watoto wadogo mara nyingi walijua tukio hili na tukio lile, walakini hawakuona ya kuwa la pili limetokana na la kwanza. Shanga walikuwa nazo, uzi hawakuwa nao. Na uzi huo hautoki katika nguvu ya kukumbuka peke yake. Watoka katika kuyajua mambo ya watu. Mwaka 1979 Andrew Newcomb na Collins walitoa habari za watoto walioonyeshwa michezo ya jamaa za namna mbili, moja yenye kipato kidogo na moja yenye hali ya kati. Watoto wa darasa la 2 walifahamu zaidi ule mchezo uliofanana na nyumba zao wenyewe. Kwa watoto wakubwa tofauti hiyo haikuonekana. Basi mwalimu wa kijiji cha wavuvi awaulizaye wanafunzi wake wadogo habari za mchezo uliopigwa picha katika nyumba za ghorofa za mjini, wenye mambo ya ofisi na talaka na deni la benki, afahamu ya kuwa hapimi kumbukumbu yao. Apima ujuzi wao wa mjini.

Sasa nije kwenye lugha, ambako nadhani sisi wa Kiswahili tuna neno la kusema ambalo wataalamu wa Marekani hawakuwa na haja ya kulisema. Patricia Greenfield wa Chuo Kikuu cha California alieleza mwaka 1984 ya kuwa watoto wanaosimulia hadithi waliyoiona katika televisheni hupenda kumrejea mtu bila kumtaja jina kwanza, kuliko watoto walioisikia katika redio. Kwa Kiingereza neno lenyewe la kumrejea mtu humwambia msikilizaji kama mtajwa ni mume au mke, au kwamba ni kitu tu. Kwa Kiswahili halisemi hata hilo. Sungura, fisi, sultani, mke wa sultani, kipofu na jini, wote hubebwa na a- ile ile na -m- ile ile. Msikilize mtoto asimuliaye hivi: Akamwambia twende, akakataa, akamkamata, akamng'ata, akalia, akakimbia. Mwalimu aliye mbele yake hajui ni nani aliyemng'ata nani, wala ni nani aliyelia, naye aandika: hakumbuki. Lakini mtoto awaona wote wawili waziwazi mbele ya macho yake. Kwake yeye kila a- ina uso. Alichokosa si kumbukumbu. Alichokosa ni kutambua ya kuwa mwalimu hakuwapo alipotazama.

Mtoto aliyeisikia hadithi hiyo katika redio ana msaada ambao mwenziwe hana. Msimulizi wa redio hawezi kuonyesha kwa kidole wala kwa jicho; sharti ataje, Fisi akamwambia Sungura, Sungura akamjibu Fisi, na majina hayo mtoto huyachukua pamoja na hadithi yenyewe, kama mtu achukuavyo kamba pamoja na mbuzi. Kwa hiyo watoto wawili wenye kumbukumbu sawasawa, mmoja wa redio na mmoja wa televisheni, wakisimamishwa mbele ya darasa, mmoja ataonekana mwenye akili na wa pili ataonekana mzembe. Dawa yake ni nyepesi. Mwalimu amkatize mtoto kwa upole na kumwuliza, Nani? Au awape watoto watatu kazi ya kuwa fisi, sungura na chui, na msimulizi awaelekeze la kufanya. Ndipo yataonekana mengi yaliyokuwa yamefichwa ndani ya ile a-.

Na ile -ka- nayo isidharauliwe. Huambiwa watoto kwamba usimulizi wao ni mbovu kwa kuwa ni -ka- tupu: akaenda, akaona, akachukua, akarudi. Lakini -ka- yasema neno la kweli, ya kuwa hili lilifuata lile. Haisemi ya kuwa hili lilisababishwa na lile, na mtoto hadai hivyo. Mtu mzima ndiye atiaye kwa kuwa, na ili, na ndipo, mara nyingine mahali ambapo hadithi yenyewe haikuyatia. Kama wataka kujua ni wakati gani mtoto amepata uzi wa kupitisha katika shanga zake, ningojee neno moja tu, nalo ni kumbe. Mtoto asemapo kumbe kwa hiari yake, bila kuulizwa, hapo amekwisha kurudi nyuma akaliona tukio la kwanza kwa nuru ya tukio la mwisho. Sijui alama nyingine ya lugha yetu iliyo wazi kuliko hiyo.

Jaribio lifaalo zaidi kwa watu wa kazi yetu ni lile la Laurene Meringoff, lililochapishwa mwaka 1980, kwa kuwa hadithi aliyoitumia ni ya Afrika. Ni ile ya Waashanti wa Ghana, jinsi Ananse, buibui mwerevu, alivyozinunua hadithi zote kwa Nyame, mungu wa mbinguni, kwa bei ya chui, na nyigu, na kizimwi ambaye watu hawamwoni. Gail Haley aliiandika na kuitilia picha katika kitabu cha watoto cha mwaka 1970, na kitabu hicho kikafanywa sinema. Hapo ndipo ulipo uzuri wa jaribio: hadithi ni moja, vyombo ni viwili. Watoto 48, wengine wa miaka kama 7, wengine wa miaka 9 au 10, waligawanywa. Hawa wakasomewa kitabu na kuonyeshwa picha zake, wale wakaitazama sinema katika televisheni.

Waliotazama walikumbuka zaidi matendo ya hadithi. Waliosomewa walikumbuka zaidi maneno yake, yaani usemi wenyewe wa hadithi. Walipoulizwa mambo ambayo hadithi haikuyasema waziwazi, waliotazama walijibu kwa yale waliyoyaona katika picha. Waliosomewa walijibu kwa maneno waliyoyasikia, na kwa ujuzi wao, na kwa mambo yaliyowapata wao wenyewe. Liko na jambo jingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Watoto waliulizwa tendo fulani lililorudiwa katika hadithi lilichukua muda gani na mwendo wa kiasi gani. Waliotazama walidhani muda ni mfupi na njia ni fupi kuliko walivyodhani wale waliosomewa. Sinema humfikisha mtu mwisho wa safari kwa kufumba na kufumbua. Asikiaye safari kwa maneno hana budi kuitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Basi hapa ni nani aliyekumbuka? Wote. Na miaka mitatu baadaye, mwaka 1983, Jessica Beagles-Roos na Isabelle Gat walilinganisha redio na televisheni zenyewe, wakaona vivyo hivyo: katika kusimulia mambo makubwa ya hadithi watoto hawakupitana, waliosikia redio walitambua vizuri zaidi usemi wenye rangi, na waliotazama televisheni walikumbuka vizuri zaidi mambo madogo madogo na kupanga picha za hadithi kwa utaratibu wake. Mwalimu akimwuliza mtoto wa televisheni maneno, na mtoto wa redio utaratibu wa picha, atawaona wote wawili wajinga, na ujinga huo ameuleta yeye.

Kwa ufupi nitaje na desturi yetu ya kumkemea mtoto achezaye wakati hadithi inapotangazwa. Elizabeth Lorch, Daniel Anderson na Stephen Levin, mwaka 1979, waliwaonyesha watoto wa miaka 5 kipindi cha Sesame Street, kundi moja katika chumba chenye vitu vya kuchezea, na kundi la pili katika chumba kisicho navyo. Wasiokuwa na vitu vya kuchezea walitazama kama sehemu 87 katika 100 za muda wote. Wenye navyo walitazama sehemu 44 tu. Lakini walipoulizwa habari za kipindi, hawakuzidiana. Mtoto alikuwa akisikiliza huku akicheza, akainua macho pale aliposikia jambo la kufaa kuinuliwa macho. Bibi zetu walisimulia hadithi huku watoto wakikoboa mahindi, wala hawakuwadai macho.

Lakini upungufu mmoja wa hadithi ya hewani ni wa kweli, na malalamiko ya waalimu yangekuwa na nguvu zaidi kama yangelitaja huo. Hadithi ya redio ilipita mara moja. Mtoto hakuweza kusema, Rudia pale fisi alipoanguka. Hadithi ya nyumbani ilirudiwa, tena ilimdai msikilizaji kitu tangu mwanzo: msimulizi akisema Paukwa, sharti wasikilizaji waitikie Pakawa, na penye wimbo waimbe. Wala si mazoea matupu. Katika Marekani, wenye kipindi cha watoto kiitwacho Blue's Clues, kilichoanza mwaka 1996, walifanya jambo ambalo wengine wangeliona ni upuzi: walitangaza kipindi kile kile siku tano mfululizo, na mtu wa kipindi aliwauliza watoto maswali na kunyamaza ili wajibu. Alisha Crawley na wenzake walipowachunguza watoto wa miaka 3 hata 5, mwaka 1999, waliona ya kuwa ufahamu uliongezeka kwa kurudia, na ya kuwa watoto hawakuchoka, bali waliitikia zaidi kadiri walivyokizoea kipindi. Walichokigundua kwa fedha nyingi ni kile ambacho kila mwenye kusema Paukwa amekuwa akikitenda.

Sasa nageukia watu wazima, na hapa naomba msomaji anivumilie nikisema kwa ukali kidogo.

Wako watu wengi wa Tanzania Bara waliokuwa watoto kabla ya televisheni kuanza kwao mwaka 1994 (Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970). Hao walikua na Radio Tanzania Dar es Salaam, na wengi wao hukitaja kwa upendo kipindi cha Mama na Mwana na msimulizi wake, Deborah Mwenda. Ukiwauliza watakuambia hadithi za siku zile zilikaa, na hizi za leo hazikai. Lakini waangalie wanachokitaja kwanza: hutaja sauti ya msimulizi, hutaja chumba, hutaja nani alikaa karibu na redio na betri ilivyokuwa ikiisha. Ni kumbukumbu njema, nayo ni ya kweli kwa namna yake, lakini zaidi ni kumbukumbu ya kusikiliza kuliko ya kilichosikiwa. Na mtu akumbukaye hadithi tano za utotoni kwa ukamilifu hakuna amwulizaye alisikia ngapi. Zile zilizopotea hazina wa kuzitaja, kwa hiyo hazihesabiwi. Mtoto wa leo twamhesabia alizozisahau. Mtu mzima twamhesabia alizozishika. Kwa mizani ya namna hiyo mtoto hawezi kushinda hata siku moja.

Iko na taabu kubwa zaidi, nayo ni kwamba mtu mzima hujaza. Ushahidi wake mkubwa watoka katika mchezo wa redio ulio mashuhuri kuliko yote, ule uliotangazwa Marekani na CBS usiku wa 30 Oktoba 1938. Orson Welles na wenzake walikitwaa kitabu cha H. G. Wells cha mwaka 1898, juu ya viumbe wa sayari ya Mars waingiao duniani kwa vita, wakakifanya kana kwamba ni habari zinazotokea usiku ule ule katika Grover's Mill, New Jersey. Magazeti yakaandika kesho yake ya kuwa nchi nzima ilishikwa na hofu. Hadley Cantril wa Chuo Kikuu cha Princeton alitoa kitabu juu ya hofu hiyo mwaka 1940, akakadiria ya kuwa watu kama milioni 6 walisikiliza, na ya kuwa milioni moja au zaidi waliogopa. Kitabu chake kimekuwa chemchemi ya karibu yote yasemwayo juu ya usiku ule.

Tukichungulie. Watu aliozungumza nao kwa urefu walikuwa 135, na zaidi ya 100 kati yao walichaguliwa kwa sababu ilikwisha kujulikana ya kuwa waliogopa. Mtu akiwaita wagonjwa tu, asishangae kuona ugonjwa umeenea. Tena ziko hesabu mbili zisizopatana. Usiku ule ule kampuni ya C. E. Hooper, iliyokuwa ikipiga simu nyumbani kwa watu na kuwauliza wasikiliza nini, ilipata watu 2 tu katika kila 100 waliosema wasikiliza mchezo ule. Majuma kama sita baadaye taasisi ya kuuliza maoni ya watu iliuliza nchini, na watu 12 katika kila 100 wakasema ya kuwa waliusikia. Najua ya kuwa maswali hayakuwa sawasawa, na ya kuwa nyumba zenye simu hazikuwa nyumba zote. Lakini tofauti ya 2 na 12 ni kubwa mno kuelezwa kwa simu peke yake. Katikati ya siku zile mbili yalipita majuma sita ya magazeti na mazungumzo, na nadhani kama wadhanivyo waandishi Jefferson Pooley na Michael Socolow, waliolichambua jambo hili mwaka 2013, ya kuwa wengi walikuja kukumbuka waliyoyasoma kana kwamba waliyasikia.

Na wale waliousikia kweli? Baadhi yao walimwambia Cantril ya kuwa walidhani Wajerumani ndio walioingia nchini, wala hawakufikiri habari za sayari yo yote. Mchezo haukusema Wajerumani. Sauti yake ilihifadhiwa, na atakaye aweza kuusikiliza hata leo. Lakini mwezi uliotangulia, Septemba 1938, redio zilikuwa zimejaa habari za vita iliyokaribia Ulaya. Msikilizaji alikuwa na hofu yake tayari, akaivika hadithi. Hapa ndipo ninapoona tofauti iliyo kweli baina ya mtoto na mtu mzima. Mtoto huyashika matendo akaikosa maana ya kuyafunga pamoja. Mtu mzima huishika maana, kisha akayashona matendo ya kuifaa. Masimulizi ya mtoto yana matobo, nayo yaonekana. Ya mtu mzima yana viraka, na ufundi wake ni kutoonekana.

Atakayesema ya kuwa hayo ni mambo ya zamani na ya watu wasioizoea redio, namwelekeza Uholanzi. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al iliyaangukia majumba ya watu katika mtaa wa Bijlmermeer, Amsterdam. Hakuna aliyepiga picha ya sinema ya wakati ndege ilipogonga. Televisheni zilionyesha moto na watu wa kuokoa, kwa siku nyingi. Miezi kama kumi baadaye Hans Crombag na wenzake waliuliza watu kama waliiona katika televisheni picha ya ndege ikigonga. Zaidi ya nusu walisema, Ndiyo, tuliiona. Wengine waliendelea kueleza ilivyogonga. Hii ilikuwa habari wala si hadithi, lakini kwa neno letu ni hoja yenye nguvu zaidi, kwa kuwa katika hadithi mtu aweza kusema alijipendezea tu. Hawa hawakutaka kudanganya. Waliyaona majumba yaliyobomoka, wakayasikia masimulizi, na akili zao zikaichora picha iliyokosekana.

Je, tuseme basi ushuhuda wa watu wazima utupwe? La. Tuseme uandikwe ulivyo: ni hadithi kama ilivyokwisha kusimuliwa na kusimuliwa tena. Maana kinachoihifadhi hadithi ya hewani kwa mtu mzima ni yale mazungumzo yanayofuata. Radio Tanzania ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, wenye kazi hiyo waliiacha sehemu ya Dodoma isiupate hata mwaka 1995, ili kulinganisha. Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao, katika habari walizochapa mwaka 1999, waliona ya kuwa nguvu ya mchezo huo ilipita sana katika maneno ya watu wenyewe, mume na mke wakizungumza baada ya kusikia, na rafiki kwa rafiki. Mkwaju, yule dereva wa lori asiyetulia nyumbani, hakubaki redioni. Aliingia katika mabaraza ya watu. Lakini kila barazani alipopita, aliongezewa neno na kupunguziwa neno. Mtu asimuliaye habari za Mkwaju baada ya miaka thelathini asimulia mchezo pamoja na baraza, wala hawezi kuvitenga.

Kwa hiyo mkusanyaji aandikaye kwa mtu mzima hadithi aliyoisikia redioni utotoni na asiandike hadithi peke yake. Aandike na mambo matatu kando yake: iliposikiwa na waliokuwapo, mara ya mwisho mtu huyu alipoisimulia, na kwa nani, na kama amewahi kuisoma kitabuni au kuisikia tena katika kanda zilizohifadhiwa. Kama wako ndugu wawili waliokaa mbele ya redio moja, awaandike mbali mbali, kila mmoja kwa siku yake, kabla hawajakaa pamoja wakapatana. Panapotofautiana masimulizi yao asipasahihishe. Na kama mmoja wao asema a- bila jina, hata akiwa na mvi, amwulize kwa upole kama amwulizavyo mtoto: Nani?